Karafuu Hutuliza Jino, Haitibu Ufizi



Safari ya karafuu haiishi bandarini. Sehemu yake huvuka bahari na kupanda bara, hata maduka ya mbali kama yale ya Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara. Mtu wa Katesh au wa Dongobesh akishikwa na jino usiku, na mganga yuko mbali, aweza kutafuna karafuu mbili tatu akapata usingizi. Hiyo ni sifa kwa zao letu, nasi twaifurahia. Lakini muuzaji mwaminifu hutaja na mpaka wa bidhaa yake, na mpaka huo ndio tutakao kuusema leo.

Kinachotuliza jino ni yujinoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Waganga wa meno huichanganya na unga wa zinki, wakaziba jino kwa muda. Kazi yake ni kutia ganzi. Haiondoi ukoga uliogandamana penye shina la jino, na ukoga huo ndio chanzo cha maradhi ya fizi. Tena mafuta yasiyozimuliwa huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyameza yaweza kumdhuru ini.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, Bwana Harald Löe na wenzake waliwaambia watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Zisipite wiki tatu, wote wakawa na fizi nyekundu zilizovimba. Waliporudia mswaki, wakapona.

Ukiachwa, ugonjwa huteremka chini ya ufizi na kula mfupa unaoshika jino. Mara nyingi hauumi, na hapo ndipo penye hatari. Sisi wakulima twaelewa: mkarafuu waweza kuwa na majani mabichi hali mizizi yake imekwisha kuoza, na siku majani yanapokauka, dawa imechelewa. Damu wakati wa kupiga mswaki ndiyo jani la kwanza kukauka.

Wala madhara hayabaki kinywani. Mwenye kisukari hushikwa na maradhi ya fizi upesi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari yake iwe ngumu kutawaliwa. Wenye fizi mbovu huonekana zaidi kuwa na maradhi ya moyo, na akina mama wenye maradhi hayo huonekana zaidi kuzaa kabla ya miezi kutimia, ingawa haijathibitika kwamba fizi ndizo sababu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 wana maradhi makali ya fizi. Na Desemba 2023 liliingiza katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa ugonjwa wa noma, unaoanzia kwenye fizi za watoto wenye utapiamlo na kula uso wao.

Huko Mbulu na Hanang kuna taabu nyingine. Nchi ile ina miamba ya volkano, na maji ya visima vingine yana floridi nyingi mno, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia tangu yanapokua. Rangi hiyo haitoki kwa mswaki. Kijana akiona hivyo aweza kukata tamaa, akasema kusafisha meno ni kazi bure. Lakini rangi ni jambo moja na ukoga ni jingine. Jino la kahawia lenye ufizi mzima litadumu. Jino jeupe lenye ufizi mbovu litang'oka.

Rai yetu ni hii. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, imekuwako tangu 1955, lakini hospitali moja haiwezi kuwa jirani wa kila kijiji. Basi kila zahanati inayompima mama mjamzito au mwenye kisukari, na imtazame kinywa pia. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na haihitaji mashine. Na iwe hivyo bara, iwe hivyo Unguja na Pemba.

Kwa upande wetu, tusiisifu karafuu kuwa dawa ya fizi. Wako watakaosema twaharibu soko letu wenyewe. Hatukubali. Karafuu ina chai, ina pilau, ina mafuta, na ina haki ya kuitwa kituliza jino. Bali mtu aliyeitumaini mwaka mzima, kisha meno yakamtoka, hatairudia tena, wala hatatuamini kwa lolote.

Basi tumwambie mnunuzi ukweli: tafuna karafuu usiku wa leo, asubuhi piga mswaki, na ukiona damu nenda kwa mganga.