Kuteleza dukani: pole ya bosi si fidia

Msimu wa mvua unapoanza mjini Lubumbashi, kuanzia Novemba hadi Aprili, maji na matope ya barabarani huingia madukani pamoja na viatu vya wateja. Sakafu za maduka mengi ni za vigae laini, na vikilowa vinateleza. Mteja anaanguka, wafanyakazi wanamwinua, wanamwambia "Pole, mama", bosi anatoa makuta kidogo ya teksi na dawa, na mambo yanaishia hapo.

Hayapaswi kuishia hapo. Pole ni utu, na ni vizuri kuitoa. Lakini fidia ni deni. Deni hilo halipimwi kwa kile bosi alicho nacho mfukoni siku ile, bali kwa hasara aliyoipata aliyeanguka.

Sheria ya Congo juu ya jambo hili ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910. Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia kinatokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 258 kinamlazimisha kila anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulipa madhara hayo. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Kifungu cha 260 kinamgusa mwenye biashara moja kwa moja: anajibu pia kwa makosa ya wafanyakazi wake wakiwa kazini, na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo kusema "ni kijana wa usafi ndiye aliyemwaga maji" hakumwondolei bosi mzigo.

Wengi hujibu kwamba ajali haina kinga. Lakini sakafu iliyotoka kupigwa deki ina kinga: kibao cha onyo, zulia mlangoni, na mtu mwenye kitambaa cha kukaushia. Pale ambapo kinga ilikuwepo na haikutumika, hilo ni kosa.

Hesabu yenyewe inafanywaje? Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga Katuba, ambaye ameteleza dukani na kuvunjika mkono. Kwanza kuna gharama za matibabu: picha ya mifupa, plasta, dawa, na usafiri wa kwenda na kurudi hospitali. Pili kuna siku alizokosa kazi. Kama alikuwa akipata faida ya franka 20,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 6 za plasta zinamnyima franka 720,000. Tatu kuna kilema kinachobaki, kama mkono haunyooki tena sawasawa. Hicho lazima daktari akipime na kukiandika. Nne kuna maumivu na mahangaiko, ambayo hayana risiti.

Ukilinganisha hesabu hiyo na makuta ya teksi, utaona mzigo umeachwa kwa nani. Watoto wa mama huyo wanakula kutokana na mkono uliovunjika.

Mwenye duka naye ana haki zake. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Mteja aliyeruka kizuizi, au aliyekimbia huku akitazama simu, anaweza kubebeshwa sehemu ya kosa. Kama hasara ni franka 1,000,000 na jaji akaona robo ya kosa ni ya mteja, basi atalipwa 750,000.

Ndiyo sababu ushahidi ni muhimu kuliko kelele. Kesi ya kiraia ya namna hii inaweza kufunguliwa hata baada ya miaka mingi, lakini maji ya sakafuni hukauka kwa dakika chache. Picha ya simu, namba za mashahidi, risiti ya duka, karatasi ya daktari ya siku ile ile na daftari la mauzo ndivyo vitakavyozungumza mbele ya jaji. Na kabla daktari hajasema mgonjwa amepona, asitie sahihi karatasi yoyote ya "mambo yamekwisha". Mapatano yaliyotiwa sahihi yanaweza kumfungia mlango wa mahakama.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye maumivu na kilema. Hapo jaji hukadiria kwa kadiri anavyoona kuwa ni haki, na watu wawili wenye jeraha moja wanaweza kupewa viwango viwili tofauti. Nchini Kenya majaji hulinganisha kila dai na hukumu zilizotolewa kwa majeraha yanayofanana, na hukumu hizo zinasomwa bure kwenye intaneti. Mahakama za Haut-Katanga zikitangaza hukumu zao kwa namna hiyo, mama wa Katuba na mwenye duka wangeweza kupatana bila kwenda mahakamani, kila mmoja akijua kiwango cha haki.

Limebaki swali la nani ana uwezo wa kulipa. Mfanyakazi akianguka kazini, CNSS ipo. Anayegongwa na gari analindwa na bima ya lazima, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mteja wa duka anategemea moyo wa bosi. Tangu sheria ya bima ya mwaka 2015 ilipovunja ukiritimba wa SONAS, kampuni nyingine pia zinauza bima, na maduka makubwa hayana tena kisingizio. Bunge lingeweza kuyalazimisha kuwa na bima ya madhara kwa wateja. Duka dogo la mtaani lisibebeshwe mzigo huo leo, lakini zulia na kibao cha onyo haliwezi kushindwa kununua.

Bosi aendelee kusema pole. Kisha akae chini na aliyeumia, wapige hesabu, na alipe.