Peaje tunalipa: tuombe hesabu kwa maandishi

Kwenye bariera ya peaje shofere analipa, anapewa karatasi, anaendelea mpaka shimo la kwanza. Ndani ya gari wote wanauliza: hizi pesa zinaenda wapi? Nimelisikia swali hilo hata katika vikao vya wazee wa kanisa, na karibu kila mara linaishia kwenye kicheko au hasira. Ni mara chache nimeona mtu akiliandika.

Kenya waliliandika. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilijengwa kwa mikopo ya China, na mikataba yake ikafichwa. Wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliomba nakala kwa barua. Hawakupewa. Wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, wakitegemea ibara ya 35 ya katiba yao na sheria ya 2016 inayoipa ofisi ya serikali siku 21 za kujibu. Serikali ilijitetea kwamba mikataba ina kifungu cha siri. Tarehe 13 Mei 2022 jaji aliamuru itolewe. Novemba mwaka ule waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitangaza mikataba ya mikopo, ingawa si karatasi zote. (Serikali ilikuwa imebadilika, hilo lilisaidia.) Wakenya wakasoma wenyewe kwamba mkopo mmoja una riba ya asilimia 2, mwingine una riba inayofuata soko, na kwamba ugomvi ukitokea utaamuliwa Beijing.

Na sisi Wakongomani? Ibara ya 24 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Ya 27 inatufaa zaidi: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi la maandishi, ile pétition, kwa mamlaka ya serikali, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena haruhusiwi mtu kushtakiwa kwa sababu ya ombi hilo.

FONER iliundwa kwa sheria ya 2008 kwa ajili ya matengenezo ya barabara, na inapata pesa kutoka tozo ya mafuta ya gari na peaje. Basi tusimwandikie gavana kwamba barabara ni mbaya, analijua. Tuiandikie FONER, tukitaja kituo na miezi: peaje hii ilikusanya kiasi gani? Tuombe mkataba wa matengenezo kati ya kijiji hiki na kile, bei yake na kampuni iliyopewa kazi. Barua ndefu ya malalamiko huwekwa kando upesi. Saini ziwe nyingi, ili asibaki mtu mmoja mbele. Pelekeni nakala mbili, na ya pili irudi na muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila huo, mtaanza kuhesabu miezi 3 kutoka wapi?

Mahali ambapo bariera inashikwa na watu wenye silaha ni jambo lingine. Huko simshauri mshirika yeyote kubeba barua kama hii.

Miezi 3 ikipita kimya, mpelekeeni mbunge wenu nakala ile. Ibara ya 138 inamruhusu kuuliza swali kwa maandishi, si kwa mawaziri tu, bali hata kwa mashirika ya serikali. Kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni ule muhuri.