Kukabidhi Kazi Pamoja na Funguo



Kila zinapofika nyakati za kuchagua viongozi wa jumuiya na vigango, huwa tunajiuliza kama wateule hao watakabidhiwa kazi kweli, au watatumwa tu. Anayetumwa hupewa mzigo. Anayekabidhiwa hupewa mzigo pamoja na mamlaka ya kuamua.

Tarehe 22 Januari 1962, majuma sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kukiimarisha chama cha TANU. Wengi walishangaa. Kawawa hakuwa mtunza kiti; aliongoza serikali hadi Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huo.

Miaka kumi baadaye, kiongozi yuleyule alianzisha Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: maamuzi yasogezwe karibu na wananchi. Hata hivyo, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zilivunjwa, na mahali pake wakaketi watumishi wa serikali kuu. Ofisi zilihamia mikoani, lakini mwananchi wa kawaida hakuongezewa sauti, pengine alipunguziwa. Halmashauri hizo zilirudishwa mwaka 1984, na Mwalimu, kwa unyofu wake, alikiri mwaka huohuo kwamba kuzifuta ni jambo ambalo asingelirudia.

Huku kwetu Singida jambo hilo lina sura ndogo zaidi. Mwenyekiti wa kigango huagizwa kukusanya zaka ya alizeti, kisha haruhusiwi kuuza hata gunia moja mpaka paroko afike. Paroko ana vigango vingi. Magunia hukaa ghalani, panya hujishibia, na mnunuzi mwenye bei nzuri huenda zake. Hatimaye husemwa kwamba walei hawawezi kazi!

Kwa maoni yetu, funguo za ghala zikae kigangoni, na uamuzi wa kuuza uwe wa kamati ya kigango. Na fedha zikipotea je? Swali hilo ni la haki. Basi mauzo yashuhudiwe na watu wasiopungua wawili, na daftari la mapato na matumizi lisomwe mbele ya waamini wote kila mwezi, paroko awepo au asiwepo.