Bei ya mnada wa Japani si bei ya Busi

WIKI iliyopita safu hii ilikuwa Busi, wilayani Kondoa, kwa shughuli yake ya kawaida ya kutazama mwenendo wa mbaazi na alizeti kabla wanunuzi wakubwa hawajaingia. Hata hivyo, habari niliyorudi nayo Dodoma haihusu mazao bali inahusu gari, na naomba radhi kwa wasomaji ambao wangependa niendelee na magunia.

Ndugu watatu wa hapo, ambao msimu hununua mbaazi kwa wakulima na kuzipeleka mjini, wana mtaji wa sh. milioni 30. Mdogo wao, baada ya shikamoo na habari za safari, alinionyesha kwenye simu picha ya Toyota Celica GT-Four ya mwaka 1992, nyekundu, iliyoingizwa kwenye mnada wa magari huko Japani. Wakala aliyempata kupitia mtandao amempa makisio kuwa hadi gari litie nanga Dar es Salaam, pamoja na nauli ya meli na bima, ni sh. milioni 30. Lengo si kuliendesha. Wanataka kuliweka miaka miwili mitatu, kisha waliuze kwa bei ya kutisha. "Mzee, haya magari yanapanda kila mwaka, dunia nzima inayataka," aliniambia.

Kijana hakosei kabisa. Celica GT-Four si gari la hivi hivi katika Afrika Mashariki. Bjorn Waldegard alishinda nalo Safari Rally mwaka 1990, Carlos Sainz akashinda 1992, Juha Kankkunen 1993 na Ian Duncan wa Kenya 1994. Toyota ililazimika kutengeneza toleo maalumu la magari 5,000 ili liruhusiwe kushindana. Aidha, ni kweli kuwa magari ya zamani ya Japani yameuzwa kwa fedha nyingi. Januari 2020 Datsun 240Z ya mwaka 1970 iliuzwa Marekani katika mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer kwa dola 310,000. Mwaka 2021 Toyota Supra iliyotumika katika sinema iliondoka mnadani kwa dola 550,000.

Tatizo ni kwamba hizo ni bei za huko. Bei ya mnada maana yake ni kiasi ambacho watu wawili waliokuwa wanashindana siku hiyo, mahali hapo, kwa sheria za hapo, walikubali kufika. Ukilichukua gari ukalipeleka mahali pengine, ile bei huibebi pamoja nalo.

Nilimwomba karatasi tufanye hesabu. Kwa viwango vya TRA vya miaka ya karibuni, gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ya Celica hiyo ni cc 1,998, kwa hiyo inaangukia kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Kisha kuna ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari lenye umri wa miaka 10 na zaidi ni asilimia 30, na juu ya yote VAT asilimia 18. Tukaandika: milioni 30, forodha milioni 7.5, jumla milioni 37.5. Juu ya hizo 37.5, ushuru wa bidhaa ni sh. 1,875,000 na uchakavu ni sh. milioni 11.25. Jumla ndogo sh. 50,625,000. VAT yake ni sh. 9,112,500. Gari limekwisha kufika sh. 59,737,500, bado tozo ndogo ndogo za forodha, malipo ya bandari, wakala wa forodha, usajili na mafuta ya kulileta Kondoa.

Yaani kodi peke yake inakaribia kulingana na gari lenyewe. Na isidhaniwe kwamba ankara ya mnada ndiyo neno la mwisho: TRA ina kikokotoo chake cha thamani ya magari yaliyotumika, na ankara ikionekana ndogo, yao ndiyo itakayotumika.

Kaka mkubwa, ambaye muda wote alikuwa kimya, aliuliza swali moja tu: nani Dodoma atalinunua kwa milioni 60? Hilo ndilo swali lenyewe. Mwenye milioni 60 hapa kwetu anataka Prado. Vijana wanaopenda mwendo wanatafuta Altezza na Mark X, ambazo fundi wa mtaani anazijua na vipuri vinapatikana. Wapenzi wa magari ya kale wapo Nairobi, ambako maonyesho ya Concours d'Elegance yamefanyika tangu 1970 na mbio za Safari Classic tangu 2003. Lakini Kenya haisajili gari lililotumika lililozidi miaka 8. Kwa hiyo mlango wa jirani nao una kufuli.

Kuhusu madai kwamba "yote yanapanda", napenda msomaji aelewe upandaji huo ulitoka wapi. Marekani ina sheria ya mwaka 1988 inayozuia gari lisilotengenezwa kwa viwango vyao vya usalama mpaka litimize miaka 25. Nissan Skyline GT-R, ambayo Nissan haikuipeleka kuiuza huko, ilikuwa tunda lililokatazwa. Toleo la 1989 lilifunguliwa mlango mwaka 2014, na lile la 1999 mwaka 2024. Kila mlango ulipofunguka, Wamarekani walikwenda kwenye minada ya Japani na dola zao, na bei ikaruka. Celica haikuwa na bahati hiyo. Ndugu yake wa damu, kwa jina la All-Trac, aliuzwa Marekani tangu mwanzo. Hakuna foleni ya watu waliosubiri miaka 25.

Wafanyabiashara wa Kondoa na Babati hawahitaji kufundishwa maana ya bei inayotengenezwa na sheria ya mwenzako. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwao kwa mwaka, na mbaazi iliyokuwa dhahabu mwaka uliotangulia ikabaki majumbani na kwenye maghala ikiliwa na wadudu. Hao ndugu watatu walikuwamo, na kaka mkubwa bado anakumbuka idadi ya magunia. Sasa wanataka kuhamisha mtaji uleule kwenye bidhaa ambayo bei yake inapangwa mbali zaidi na New Delhi, na ambayo ikidoda haiwezi hata kupikwa.

Kuna jambo la karatasi ya mnada pia. Japani, kila gari linalopita mnadani hukaguliwa na kupewa daraja: S na 6 kwa yaliyo kama mapya, 5, 4.5, 4, 3.5 na kuendelea kushuka, na herufi ya A hadi E kwa hali ya ndani. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi na kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ile Celica nyekundu ilikuwa na herufi R. Kijana aliamini R ni ya rally. Sikumcheka, kwani karatasi imeandikwa Kijapani na wakala hakumfafanulia. R maana yake ni gari lililopata ajali na kutengenezwa. Kwa Vitz ya kwenda sokoni hilo linavumilika kama bei ni nzuri. Kwa gari unalolinunua ili likae liongezeke thamani, ni kasoro ambayo kila mnunuzi wa baadaye ataisoma kabla hajatoa hata senti.

Na minada ya huko, kama ile ya kampuni ya USS, ni ya wanachama, kwa hiyo wewe humpigii dalali mwenyewe. Unampa wakala kikomo chako, gari linapita kwa sekunde chache, limekwisha. Ukimwambia "jitahidi", umempa hundi isiyo na tarakimu.

Wapo wanaodai kwamba Serikali iyasamehe magari ya kale ushuru wa uchakavu, kwa kuwa uchakavu wake ndiyo thamani yake. Nimelifikiria, na sikubaliani nalo. Siku msamaha huo ukitoka, kila Carina iliyochoka itateremka bandarini ikiwa "gari la historia", na vyeti vitapatikana.

Nilipotaka kuaga, walinipeleka kwa mzee mmoja jirani ambaye ana Datsun 1600 SSS imeegeshwa chini ya mti, bila magurudumu. Ni aina iliyoshinda Safari mwaka 1970. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekwisha kuja mara mbili. Nikamuuliza kama kadi ya gari ipo. Akaingia ndani, akatoka na kadi ya awali na picha mbili za gari likiwa jipya. Namba ya chesisi inalingana na ile ya kwenye kadi, na injini haijabadilishwa. Sisemi mzee ana utajiri. Datsun hiyo si 240Z, na 240Z iliyoshinda mwaka 1971 yenyewe iko kwenye hifadhi ya Nissan huko Zama, Japani, kwa hiyo msomaji akiletewa maneno kwamba inauzwa mahali, ajue anatapeliwa. Lakini mzee huyo hadaiwi forodha wala nauli ya meli, na picha zake mbili haziwezi kununuliwa Nagoya. Nimemshauri asiuze kwa kilo, na kadi aiweke mbali na panya.

Vijana walikuwa wamekwisha kutuma kishika uchumba kwa wakala, na kwa maelezo yake hurudishwa kama dau halijapigwa. Mnada ulikuwa Alhamisi. Nilipowasha gari, mdogo mtu alikuwa bado ameshika simu, na kaka yake alikuwa ananiuliza Dar wanasemaje kuhusu mbaazi.