TIMU NG'AMBO: KWANZA MSHAHARA UWEKWE BENKI



Mabwana wa mpira wa Kimarekani, yaani ligi ya NFL, wamekuwa wakisema miaka mingi kwamba huenda siku moja wataweka timu London. Tangu 2007 wanapeleka mechi huko, na timu ya Jacksonville imekwenda karibu kila mwaka tangu 2013. Magazeti yasifu. Sisi twauliza swali ambalo magazeti hayaulizi: timu ikifilisika huko ng'ambo, nani atamlipa mchezaji, na mpishi, na yule afuaye jezi?

Wengine watacheka. Watasema wachezaji ni matajiri, mambo yao hayatuhusu sisi watu wa reli. Polepole, ndugu. Mtu akiuza nguvu za mwili wake kwa mkataba ni mfanya kazi, abebe mpira au abebe mataruma. Na ni Wakenya wangapi wamekwenda nchi za Ghuba na mkataba mzuri wa karatasi, kisha mshahara wakauona ndotoni?

Jambo hili limekwisha kutokea, tena katika mchezo uliozaliwa na wafanya kazi. Raga ya watu 13 ilianza Agosti 1895 katika mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Wachezaji wa huko wengi walikuwa watu wa migodi ya makaa na viwanda vya nguo. Aliyeacha kazi Jumamosi akacheze alipoteza ujira wake. Vilabu vyao vikaomba ruhusa ya kuwafidia. Wakubwa wa raga wakakataa, wakasema mwungwana hachezi kwa fedha. Ni rahisi kusema hivyo ikiwa sufuria ya nyumbani kwako yachemka! Basi vilabu vikatoka, vikaunda chama chao, vikakubali kulipa shilingi 6 kwa siku ya kazi iliyopotea. Ligi hiyo ni mtoto wa madai ya mshahara.

Sasa tazameni mtoto huyo alivyofanya. Mwaka 2017 ligi hiyo ya Uingereza ilipokea timu ya Toronto, nchi ya Kanada. Toka Manchester mpaka Toronto ni zaidi ya kilomita 5,000, yaani mara kumi ya safari ya Mombasa na Nairobi, na bahari katikati. Timu ikapewa sharti la kulipia nauli na malazi ya wageni wake wavukao bahari. Watu wa Toronto walikuja uwanjani kwa maelfu, hilo hatulikani, na timu ikapanda mpaka daraja la juu mwaka 2020. Lakini hata huko juu haikupewa fungu la fedha za televisheni kama wenzake. Yaani mgeni kaalikwa karamuni, kaambiwa aje na chakula chake, na nauli za wenyeji pia alipe yeye.

Mambo yote yakaning'inia kwenye mfuko wa tajiri mmoja. Korona ilipokuja, mfuko ukafungwa. Tangu Juni 2020 mishahara ikakoma, ya wachezaji na ya watumishi wengine. Julai timu ikajitoa. Novemba vilabu vikapiga kura juu ya kuirudisha, na walio wengi wakakataa. Miongoni mwa wachezaji walikuwamo watu wa Australia na New Zealand, mbali kabisa na kwao, wanadai jasho lao.

Watetezi husema kosa ni la korona. Korona iliumiza wengi, kweli. Lakini nyumba hii iliikuta mchangani.

Hatusemi timu zisivuke mpaka. Perpignan ya Ufaransa iliingia ligi hiyo hiyo mwaka 2006 na ingali imo; mwaka 2018 ilitwaa kombe la Challenge. Huko raga ilikuwa mchezo wa wenyeji miaka mingi kabla, na safari ni fupi. Nasi tulifurahi timu yetu ya Simbas ilipocheza Currie Cup ya Afrika Kusini mwaka 2022.

Lakini London si Perpignan. Saa za London na Los Angeles zapitana kwa 8. Tena, katika NFL kijana anayetoka chuo hachagui tajiri wake: timu humteua kwa zamu, naye huenda alikoteuliwa. Leo hupelekwa mji mwingine wa Marekani. Kesho atapelekwa ng'ambo, apende asipende. Sisi twaijua barua ya uhamisho. Inafika Ijumaa, Jumatatu uripoti, na mke auliza watoto watasoma wapi.

Kwa hiyo twawaambia wachezaji wale: chama mnacho, na mkataba wenu na matajiri wadumu hadi msimu wa 2030. Humo ndimo pa kuandika. Ligi yenyewe, wala si mwenye timu peke yake, iweke benki mshahara wa msimu mzima kabla ndege haijaruka. Asiyetaka kwenda asilazimishwe. Nauli ya kurudi ilipwe mbele. Na wapishi, madereva na wafuaji waandikwe katika karatasi hiyo hiyo, si katika nyingine ya pembeni.

Mwanachama mwenye maoni mengine na amwandikie karani wa tawi kabla ya toleo lijalo. Tutayachapa.