Ramani za Goma zifundishe Kiingereza

Katika mtihani wa IELTS, kijana anayetafuta masomo ng'ambo anaweza kupewa ramani mbili za mahali pamoja, ya zamani na ya sasa. Ana dakika 20 hivi kuandika maneno yasiyopungua 150: nini kimeondoka, nini kimeongezwa, upande gani, nini kimebaki. Sababu haziulizwi. Hapo ndipo aliyekimbia kwao anaweza kukwama, maana sababu anazijua mno.

Walimu wawazoeze vijana kwa ramani za Goma yenyewe: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka kutoka kaskazini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Atakayejua kueleza hayo kwa utaratibu ataweza pia, siku ya kurudi, kuonyesha mpaka wa shamba la wazazi wake.