Bati Si Shibe

Katika sensa ya Agosti 2019 makarani walihesabu Wakenya 47,564,296. Hawakumwuliza mtu mshahara wake. Waliuliza paa, ukuta, sakafu, maji, choo, taa na redio; na kwa majibu hayo wataalamu huweza kuzipanga kaya, kuanzia iliyo hoi hadi iliyojaliwa.

Hatukipingi kipimo hicho, kwani maskini asiyehesabiwa hana wa kumtetea. Lakini hapa Kimilili bati limeenea mno hata halimtofautishi tena mwenye nacho na asiye nacho. Mjane aliyeachiwa mabati na marehemu mumewe ana paa sawa na la mwenye duka. Ukitaka kumjua, tazama sakafu yake ya udongo, kisha uulize ni nani anunuaye mahindi mwezi wa Mei ilhali ya shambani bado mabichi.

Zito zaidi ni wastani. Sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha hazina ya maendeleo ya maeneo bunge iliamuru robo tatu zigawanywe sawasawa, na robo moja ifuate umaskini wa kila eneo. Eneo zima! Mfanyabiashara wa mjini na kibarua wa miteremko ya Elgon wakatiwa chungu kimoja.

Basi tudai hesabu za kila kata ndogo, zibandikwe kwa chifu na milangoni mwa makanisa, kando ya orodha ya waliopewa basari. Kama mgawo ni wa haki, nani ataikimbia karatasi hiyo?